Uzi: Mwandishi mmoja wa riwaya za mapenzi, majina manane. Alikuwa anamkimbia nani?

Nyumbu Mpole

Wakuu, heshima kwenu.

Wale mliosoma riwaya za Kiingereza enzi za maktaba za mkoa, mnisaidie. Jean Plaidy, yule wa malkia na wafalme. Victoria Holt, yule wa binti fukara anayekwenda kufundisha watoto kwenye jumba lenye siri. Philippa Carr, yule wa ukoo mmoja tangu enzi za wafalme wa Tudor wa Uingereza hadi vita vya Hitler. Miaka yote nilijua ni wanawake watatu, na nyumbani tulibishana nani kati yao ni mkali. Kumbe ni mama mmoja tu, Eleanor Hibbert, mzaliwa wa London, amefariki 1993. Na hayo matatu ni sehemu tu. Nimehesabu manane.

Vitabu zaidi ya 200. Nakala zaidi ya milioni 100 zilikuwa zimeuzwa hadi anafariki, katika lugha 20. Sasa mtu mwenye mauzo hayo anajificha nini? Dai langu ni kwamba alikuwa anaona aibu. Riwaya za mapenzi kule kwao zilidharauliwa, na mwenye akili zake asingetaka jina lake likae juu ya jalada la mwanamke anayekimbia jumba usiku na gauni la kulalia. Anayepinga aje na hoja.

Chumvi Nyingi

Mtu anaitwa Nyumbu Mpole anauliza kwa nini watu wanatumia majina ya bandia. Endelea mkuu, tunakusikiliza.

Mama wa Maktaba

Mwanangu Nyumbu, nimehudumu maktaba ya umma hadi kustaafu, hivi vitabu nimevigonga mihuri mpaka vidole vikawa vya bluu. Hoja yako ya aibu haisimami. Fuata mtiririko wenyewe. Riwaya yake ya kwanza kutoka ni Daughter of Anna, 1941. Zikafuata nyingine za mapenzi, zikiwemo kumi hivi za kampuni ya Mills & Boon. Jina juu ya jalada: Eleanor Burford. Burford ndilo jina la baba yake, ndilo alilozaliwa nalo. Yaani kwenye mapenzi, huko unakodai kuna aibu, aliweka jina lake. Alipoingia kwenye historia ya wafalme, kazi ya kusoma mavitabu mazito, ndipo akajiita Jean Plaidy. Mwenye aibu angefanya kinyume chake.

Nyumbu Mpole

Shikamoo mama. Bado sijashuka. Mwaka 1941 alikuwa ameshaolewa, majirani wanamjua kama Bi. Hibbert. Kutumia jina la kabla ya ndoa nako ni kujificha, tena kwa adabu.

Mama wa Maktaba

Marahaba. Wanawake wangapi waandishi wamebaki na jina la baba? Wote wanajificha?

Mwalimu wa Zamu

Nimeyapanga majina yake mezani, na kadiri ninavyoyaangalia ndivyo nadharia ya kujificha inavyozidi kunipa taabu.

Elbur Ford: chukua El ya Eleanor, bandika Burford, kata pengine. Ellalice Tate: majina yake mawili ya kuzaliwa ni Eleanor Alice, na Tate ni ukoo wa mama yake. Anna Percival: mumewe aliitwa George Percival Hibbert, mfanyabiashara wa ngozi. Jean Plaidy: Plaidy ni ufukwe uliopo Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, karibu na Looe, na Cornwall ndiko alikoishi wakati wa vita. Hilo Jean alilipendekeza wakala wake, kwa sababu ni fupi, halili nafasi kwenye mgongo wa kitabu.

Anayejificha kweli haachi funguo mlangoni. Ukiwa ndugu yake, ukakutana na kitabu cha "Ellalice Tate" dukani, ungecheka papo hapo. Mimi naona alikuwa anacheza.

Chumvi Nyingi

Hiyo ya mgongo wa kitabu imenimaliza. Kumbe Jean angekuwa Bartholomea tusingemjua leo.

Makorokocho

Mnapoteza muda. Victoria Holt ni Daphne du Maurier, aliyeandika Rebecca. Hili lilijulikana tangu zamani, lilikuwa linasemwa wazi. Hibbert alipewa sifa baadaye.

Mama wa Maktaba

Makorokocho, lilikuwa linasemwa kweli, lakini kama tetesi. Mistress of Mellyn ilitoka 1960 ikiwa ya kwanza kwa jina la Victoria Holt, wachapishaji wakaficha nani mwenyewe. Jumba la kitabu kile liko Cornwall. Rebecca nayo, ya 1938, harufu yake ni ya Cornwall. Na kuna mke aliyekufa ambaye kivuli chake hakitoki nyumbani. Wasomaji wakajumlisha wenyewe. Du Maurier alifariki 1989. Victoria Holt akaendelea kutoa vitabu hadi The Black Opal ya 1993.

Makorokocho

Waandishi wakubwa huacha miswada kabatini. Nasimama palepale.

Chumvi Nyingi

Mpeni kiti, amesimama sana.

Fundi Saa

Niongeze kuhusu huo mwaka 1960, maana hapo ndipo penye jibu. Alikuwa na wakala Mmarekani, Patricia Schartle, ndiye aliyemsukuma aandike riwaya ya mapenzi yenye hofu na fumbo, mtindo wa majumba ya giza. Wakati huo Jean Plaidy ni jina lenye wasomaji wake: watu wa historia, wa maktaba, wanaotaka kujua Katharine wa Aragon alitendwa nini na mumewe, mfalme Henry wa Nane. Ukiwapa hao jumba lenye mzimu utawaudhi. Na huyo mpenda mizimu akiona Plaidy atadhani ni somo la historia. Kwa hiyo jina jipya ni bidhaa mpya. Hakuna siri nyingine, ni biashara. Kiwanda kimoja kinatoa sabuni ya kufulia na ya kuogea, majina tofauti, na hakuna anayeandika uzi kulalamika.

Na ililipa. Victoria Holt aliuza kuliko Plaidy kwa mbali, hasa Marekani.

Dada wa Kisauni

Hamjambo wa bara. Huku kwetu Kenya mjadala huu unanirudisha bweni. Mills & Boon zilikuwa zinatembea kutoka kitanda hadi kitanda, jalada limeshapasuliwa ili matron asitambue. Unaandikisha zamu. Ukikawia kurudisha, wenye zamu wanakutumia ujumbe mkali. Matron akikamata anaenda nazo chumbani kwake, na sisi tulikuwa na hakika anazisoma, kwa sababu siku moja alimwambia msichana mmoja, kwa hasira, kwamba "huyo daktari atamuoa, sasa kalale".

Ninachotaka kusema ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyejua jina la mwandishi. Tulisema "nipe ile ya Ugiriki" au "nipe ile ya daktari". Kwa hiyo hizi nadharia za jina kuwa bidhaa, Fundi Saa, kwa Mills & Boon sizioni. Bidhaa ilikuwa ni Mills & Boon yenyewe.

Fundi Saa

Dada, hapo umenisaidia bila kutaka. Ndiyo maana Eleanor Burford hakukua. Jina lake lilimezwa na kampuni. Kwa Plaidy na Holt jina likawa lake.

Simulizi Tamu

Naomba niseme kitu na mnivumilie. Mimi ni mwanaume, ninaandika simulizi za mapenzi kwenye magrupu ya WhatsApp na ukurasa wangu, kwa jina la kike. Jina silitaji hapa. Sehemu za mwanzo bure, kuanzia pale binti anapofungua mlango na kumkuta mama mkwe ameshika karatasi ya hospitali, unalipia kwa simu ndipo nakuingiza grupu la malipo.

Nilianza kwa jina langu la kiume. Wakinamama wakawa wananiuliza nimeyajuaje mambo ya leba. Nikabadili, maswali yakaisha. Halafu nikaandika ya upelelezi kwa lile lile jina la kike. Balaa. Wasomaji walinishukia kwenye maoni: "dada, mbona umeua watu, sisi tunataka Zaituni arudiane na Omari." Sasa nina jina jingine la upelelezi, la kiume, na wasomaji wa huko hawajui kabisa kwamba mimi ndiye wa Zaituni. Kwa hiyo Fundi Saa yuko sahihi. Msomaji akishakuzoea kwa machozi, ukimletea bunduki anaona umemsaliti.

Chumvi Nyingi

Wewe ndiye wa Zaituni?! Mke wangu kalipia mpaka sehemu ya mwisho na Zaituni hakurudi kwa Omari. Naomba tuonane.

Simulizi Tamu

Ndiyo faida ya jina la bandia mkuu 🙏

Mama wa Maktaba

Hoja ya Fundi na ya huyu kijana ni tamu, ila ina tundu. Kama kila jina lilikuwa na aina yake ya kitabu, nielezeni Ellalice Tate. Tate aliandika riwaya za kihistoria: The Scarlet Cloak, Madame du Barry, mambo yaleyale ya makasri na fitina. Hiyo ni kazi ya Jean Plaidy mtupu, na wakati huo Plaidy alikuwa hai na anauza. Ushahidi kwamba havikutofautiana: baadaye vitabu vya Tate vikachapwa upya kwa jina la Jean Plaidy, na hakuna msomaji aliyestuka. Kwa nini basi alitenganisha mwanzoni?

Tofauti ninayoiona ni mchapishaji. Plaidy alikuwa wa Robert Hale. Tate alikuwa wa Hodder & Stoughton.

Mhasibu Mkavu

Asante mama, hapo ndipo ninapoingia. Tatizo ni kasi yake.

Huyu mama alikuwa anakaa kwenye taipu saa moja na nusu asubuhi kwa saa yetu ya Kiswahili... ngoja nisiwachanganye, 7:30 ya Kizungu. Hadi chakula cha mchana ameshapiga maneno kama 5,000. Siku saba za wiki. Mchana anajibu barua za wasomaji, na muda mwingine anasoma vitabu vya utafiti. Maktaba kuu ya Kensington ilimruhusu kuchukua vitabu kutoka ghala lao kwa mikokoteni. Sasa pigeni hesabu: riwaya ya maneno 100,000 ni siku 20 za rasimu. Hakuna mchapishaji wa miaka ya 1950 ambaye angekubali vitabu vitano au sita vya mtu mmoja kwa mwaka mmoja. Wauza vitabu wangesema anatoa makapi, na vingekula soko la vyenyewe kwa vyenyewe. Suluhisho ni kumgawa mtu. Hale wapate Plaidy na Kathleen Kellow, jina lake jingine, Hodder wapate Tate, na kadhalika.

Ongeza na mgawo wa karatasi. Wakati wa vita kila mchapishaji alipimiwa karatasi na serikali. Ukiwa na miswada mingi, mmoja hana karatasi ya kukutosha, unagawa.

Mwalimu wa Zamu

Mhasibu, ya kasi nakubali, ya karatasi hapana. Angalia miaka. Elbur Ford anaanza 1950, Kellow 1952, Tate 1956, Anna Percival 1960. Mgawo wa karatasi ulikuwa umeshaondoka au unaondoka. Wakati karatasi ni shida kweli, miaka ya 1940, alikuwa na majina mawili tu, Burford na Plaidy. Majina yaliongezeka karatasi ilipopatikana.

Mhasibu Mkavu

Sawa, toa karatasi, kasi inabaki. Halafu kuna hela za maktaba. Uingereza mwandishi analipwa kila kitabu chake kinapoazimwa. Majina mengi, rafu nyingi, kuazimwa kwingi.

Mama wa Maktaba

Huo mpango sheria yake ni ya 1979 na malipo ya kwanza yametoka 1984. Majina yote manane yalikuwa yamekwishazaliwa. Philippa Carr, wa mwisho, ni wa 1972. Tena malipo yale yaliwekewa kikomo, paundi 5,000 kwa mwandishi mwanzoni. Ni kwa mtu, siyo kwa jina. Majina manane hayakumwongezea senti.

Chumvi Nyingi

Mama anagonga watu mihuri leo.

Kipepeo Mweusi

Nimesoma uzi wote kimya. Kuna kipande cha maisha yake mmekiruka, na kwangu ndicho kinachoeleza.

Alizaliwa 1906 Canning Town, mashariki ya London, mtaa wa watu wa bandarini. Hakuwa binti wa jumba lolote. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akasoma taipu, hati mkato na lugha. Akafanya kazi Hatton Garden, kule kwa wauza vito, anapima mawe na kupiga taipu. Akawa pia mkalimani kwenye mkahawa wa watalii. Miaka ya 1930 aliandika riwaya tisa. Ndefu, nzito, kuhusu maisha ya wakati wake. Zote tisa zilikataliwa. Hadithi fupi alizokuwa anauza magazetini ndizo zilizompa moyo, na mhariri wa fasihi wa Daily Mail ndiye aliyemwambia waziwazi kwamba anapanda mti usio wake, aandike kinachouzika, na njia rahisi ni mapenzi. Akaenda akasoma riwaya 50 za mapenzi, akakaa, akaandika, ikachukuliwa.

Mtu aliyekataliwa mara tisa kwa kazi aliyoiamini, kisha akakubaliwa kwa kazi aliyojifunza kwa kusoma za wenzake, unadhani analionaje jina lake? Mimi naona kila jina jipya lilikuwa ni kuanza upya bila deni. Plaidy akianguka, Hibbert haanguki. Nilifeli kidato cha nne, nikarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea kituo cha wilaya nyingine kabisa, ambako hakuna anayenijua. Jina halikubadilika, lakini ule wepesi wa kukaa chumba cha mtihani bila kutazamwa naujua.

Mwalimu wa Zamu

Kipepeo, umeandika vizuri. Lakini hofu ya kuanguka ingeisha baada ya mafanikio. Philippa Carr kaja 1972, mama ni tajiri, anajulikana, anaishi juu ya ghorofa Kensington akitazamana na Royal Albert Hall. Anaogopa nini?

Kipepeo Mweusi

Mwalimu, aliyewahi kulala njaa hufungia unga kabatini hata akiwa na duka.

Mbeba Boksi

Wakuu, niko Kent, Uingereza, natoka zamu ya usiku, nipite kidogo. Sandwich ni mji mdogo huku, vichochoro vyembamba, nyumba zimeegemeana. Huyu mama alinunua nyumba ya zamani pale iitwayo King's Lodging, ya karne ya 13, inasemwa wafalme walilala humo. Akaikarabati kwa pesa zake. Halafu akaona iko mbali na London, akaiuza.

Nimepita nje yake. Ni nyumba tu, geti, ukuta wa mawe. Lakini fikiria: binti wa Canning Town, anaandika kuhusu mafukara wanaoingia majumba makubwa, halafu ananunua nyumba ya wafalme, halafu anasema hapana, nirudi karibu na maktaba. Mimi huyo mama nimempenda.

Baharia wa Pwani

Mmesema amefariki 1993 hamjasema wapi. Amefia baharini. Januari 18, kwenye meli ya abiria Sea Princess, kati ya Athens na Port Said. Akazikwa huko huko baharini. Kila mwaka majira ya baridi ya kwao alikuwa anapanda meli, anasafiri hata hadi Australia, ndiyo maana mnakuta Australia kwenye vitabu vyake. Na taipu alikuwa anakwenda nayo.

Kwa wasiojua, kuzika baharini siyo kutupa mtu. Mwili unashonewa turubai au unawekwa kwenye jeneza lililotobolewa na kutiwa uzito ili usielee. Meli inapunguza mwendo, nahodha anaandika latitudo na longitudo kwenye daftari la meli. Nimeshuhudia mara moja kwenye meli ya mizigo, mpishi wetu. Siku ile jikoni hakukuwa na kelele hata ya kijiko.

Makorokocho

Hakuna kaburi. Sisemi kitu.

Chumvi Nyingi

Makorokocho umeanza.

Mzee Jongoo

Habari zenu vijana. Simulizi Tamu amenichekesha, lakini hayuko peke yake, na wala haikuanza WhatsApp. Peter O'Donnell, yule Mwingereza aliyetunga katuni ya Modesty Blaise, mwanamke wa bastola na karate. Huyohuyo aliandika riwaya za mapenzi za karne ya 19 kwa jina la Madeleine Brent. Mwaka 1978 Madeleine Brent akapewa tuzo kubwa ya chama cha waandishi wa mapenzi wa Uingereza, kwa Merlin's Keep. Siri ilikuwa imebanwa. Mwandishi wa bunduki, tena mwenye mashabiki wanaume kila kona, anasimulia moyo wa msichana kwa nafsi ya kwanza, na wakinamama wanampa tuzo.

Kwa hiyo swali la Nyumbu lisiwe la huyu mama peke yake. Ni desturi ya kazi hiyo.

Simulizi Tamu

Mzee Jongoo, kumbe nina ukoo. Nitaiweka kwenye wasifu.

Dada wa Kisauni

Mzee, kama tunatoka kwa Hibbert basi kuna mmoja simalizi kumstaajabia. Mary Burchell, wa Mills & Boon, vitabu zaidi ya 100. Jina lake ni Ida Cook, karani wa serikali, anaishi London na dada yake Louise. Wote wawili wendawazimu wa opera. Miaka ya 1930 wakawa wanakwenda Ujerumani na Austria wikendi, kisingizio ni opera, kumbe wanatoa Wayahudi. Wanaingia na nguo za kawaida, wanatoka wamevaa makoti ya manyoya na vito vya watu waliotaka kukimbia, ili wenyewe wakifika Uingereza wawe na cha kuanzia. Makoti wameyabandika lebo za maduka ya London. Mpakani askari anaona wadada wawili wa makamo wanaopenda kujipamba, anawapungia mkono. Watu 29 wakaokoka.

Pesa zilitoka wapi? Kwenye vitabu vya Mary Burchell. Sasa Nyumbu, njoo uniambie riwaya za mapenzi ni aibu.

Nyumbu Mpole

Dada hapo sina neno. Lakini umeona? Burchell alikuwa na cha kuficha. Hibbert je?

Dada wa Kisauni

Ida Cook aliandika kitabu cha maisha yake kwa jina lake mwaka 1950, akaeleza yote. Hakuficha. Na Mary Burchell akawa rais wa chama cha waandishi wa mapenzi kuanzia 1966 hadi anafariki 1986. Jina la bandia na mtu mwenyewe walikaa kiti kimoja, kila mtu anajua.

Fundi Saa

Ndiyo ninachosema. Kuna kampuni kule, Harlequin, iliyoungana na Mills & Boon 1971, iliyokuwa na masharti kwamba jina ulilotumia kwao usilipeleke kwa mchapishaji mwingine. Ukihama, jina linabaki. Waandishi waligombana nao miaka mingi. Jina la uandishi ni mali kama fremu ya duka.

Mwalimu wa Zamu

Ila Hibbert alikuwa na wachapishaji wengi kabla ya masharti hayo kuwa gumzo. Tunarudi palepale.

Malenga wa Kichochoroni

Kwenye kurasa za mashairi za magazeti yetu nani anatumia jina la kuzaliwa? Lakabu ni nusu ya ushairi. Unajibizana na mtu miaka kumi gazetini, unamjua kwa lakabu, ukikutana naye kwenye daladala humjui. Natoa ubeti mmoja:

Jina moja halitoshi, mwenye mengi ya kusema,
Leo yeye ni mpishi, kesho maliki mzima,
Kalamu yenye ubishi, haijui kutuama,
Plaidy, Holt, hawaishi, wote hao yule mama.

Mzee Jongoo

Mizani imekaa. Ila "mpishi" umemleta kwa ajili ya kina tu, sema kweli.

Malenga wa Kichochoroni

Mpishi ana kazi yake mzee. Elbur Ford aliandika riwaya kutokana na kesi za kweli za mauaji za karne ya 19. Kuna Poison in Pimlico. Sumu inatiliwa wapi kama siyo jikoni?

Mama wa Maktaba

Umejiokoa. Na hapo ndipo na mimi ninapochanganyikiwa, niwaambie kweli. Elbur Ford ndiye ninayemwona bora, kuliko hata Plaidy. Lugha kavu, hana mzaha, anakuonyesha mtu wa kawaida anavyofika kuua. Vitabu vinne tu. Jina likaachwa. Kama ni biashara, jina dogo linaachwa, sawa. Lakini kama ni kucheza, kwa nini uache mchezo unaouweza kuliko yote?

Mhasibu Mkavu

Kwa sababu hakikuuza mama.

Mama wa Maktaba

Na Anna Percival kitabu kimoja tu, 1960, mwaka uleule wa Mistress of Mellyn. Labda alirusha ndoano mbili, samaki akashika moja.

Kipepeo Mweusi

Mama, hiyo yako inaenda na yangu. Kujaribu bila kuumia.

Fundi Saa

Inaenda na yangu pia. Unaweka bidhaa mbili sokoni, unabaki na inayotoka.

Mwalimu wa Zamu

Na yangu. Anajiita kwa jina la mume wake kwenye kitabu kimoja, basi. Huo ni utani wa nyumbani.

Chumvi Nyingi

Kwa hiyo wote mmeshinda. Makorokocho, na wewe?

Makorokocho

Percival, Plaidy, Philippa. Angalieni hizo P. Kuna kitu.

Nyumbu Mpole

Sibanduki kwenye aibu, ila naipunguza makali: aibu haikuwa ya mapenzi, ilikuwa ya wingi. Mtu anaogopa kuonekana anaandika kama mashine. Mhasibu umenipa hiyo bila kulipwa.

Sasa swali la vitendo. Elbur Ford anapatikana wapi? Nimezunguka kwa wauza vitabu vya mtumba wa barabarani Posta, nimekuta Holt amelowa mvua na biblia za Kijerumani.

Mama wa Maktaba

Ford sijamwona kwa muuzaji wa mtumba hata siku moja. Plaidy anapatikana. Anza na Murder Most Royal, ya Anne Boleyn na Catherine Howard, wake wawili wa Henry wa Nane, usianze na zile za mwishomwisho.

Mzee Jongoo

Ninavyo vitatu vya Plaidy, vya jalada gumu. Kimoja panya amekula pembe lakini maandishi hayajaguswa.

Nyumbu Mpole

Bei mzee?

Mzee Jongoo

Njoo faragha. Hapa Mhasibu atanipigia hesabu.